Watoto wangu wa P.6 wanaandika sentensi fupi fupi za Kiingereza: nifanyeje waziunganishe kwa maana?

Mwalimu wa Isingiro

Walimu wenzangu, salaam.

Ninafundisha Kiingereza darasa la sita katika shule ya msingi iliyo ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, hapa Uganda. Darasani kwangu wamo watoto themanini na wawili. Wengi wametoka Kongo na lugha yao ya nyumbani ni Kiswahili. Wengine ni Wanyankole wa vijiji vya jirani, na wachache ni Warundi na Wanyarwanda ambao Kiswahili wamekiokota sokoni na kwenye foleni ya maji. Mwakani watafanya PLE, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi.

Juma lililopita niliwapa insha ya nusu ukurasa kuhusu mtu wanayemheshimu. Binti mmoja, ambaye kwa mdomo ni msimulizi hodari kuliko mimi mwenyewe, aliandika hivi: "My grandmother is old. She sells tomatoes. She wakes up early. The market is far. She walks. I love my grandmother." Nilishika kalamu nyekundu nikakosa pa kuiweka, kwa maana hakuna hata kosa moja la sarufi. Hata hivyo hiyo si insha, ni orodha.

Nilimwita mezani nikamwomba anisimulie habari za bibi yake kwa Kiswahili chake cha Bukavu, mji wa mashariki mwa Kongo. Alisema kwa pumzi moja: "Bibi yangu, hata kama ni muzee, anaamukaka mapema sababu soko iko mbali, na anakataaka kupanda boda sababu ile feza ya boda ndiyo yenye inaletaka chumvi mu nyumba." Tazameni viungo vilivyomo: hata kama, sababu, tena sababu, ndiyo yenye. Mtoto huyu anajua kabisa jambo lipi limezaa lipi, ila akishika kalamu ya Kiingereza viungo vyote hukatika.

Nimejaribu dawa mbili. Kwanza niliandika ubaoni orodha ya viunganishi, nikawaambia wavitumie. Nilipata sentensi kama hii: "However my grandmother is old therefore she walks." Pili nilifikiria kuwakaririsha mafungu ya maneno, lakini nilipata kuona shule moja iliyofanya hivyo, ambako kila mtoto alifundishwa kuanza na asubuhi angavu yenye jua, na ikafika mahali hata insha ya msiba ilianza kwa jua hilo hilo. Sitaki kufika huko. Naomba ushauri wa mtu aliyewahi kulitatua jambo hili katika darasa kubwa.

Mstaafu wa Bombo

Mwalimu, pole na kazi, na hongera kwa kumwita yule binti mezani, kwa kuwa wengi wetu tungeandika tu "6/10" na kufungua daftari linalofuata.

Jibu unalo tayari. Umelinukuu mwenyewe kwa Kiswahili cha Bukavu. Kosa la orodha ya ubaoni ni kwamba ulimpa mtoto gundi kabla hajajua ni vipande gani vinavyotakiwa kushikana. Neno "although" halina kazi mpaka kuwe na mambo mawili yanayopingana, na mtoto ayaone kuwa yanapingana. Kwa hiyo anza na mambo, neno lije baadaye.

Nilipokuwa bado kazini nilifanya hivi. Nilichukua sentensi mbili kutoka kwenye daftari la mtoto mwenyewe, nikaziandika ubaoni bila jina lake, kisha nikauliza darasa swali moja kwa Kiswahili au kwa Luganda, kutegemea walikuwa akina nani: kati ya haya mawili, lipi ni sababu ya lingine? Au, lipi lingeweza kulizuia lingine? Chukua za binti yako: "The market is far" na "She wakes up early." Darasa zima litakuambia kwamba umbali ndio unaomwamsha. Hapo ndipo unapotoa neno moja tu, "because", na wanasema sentensi kwa mdomo, benchi kwa benchi, kabla ya mtu yeyote kugusa kalamu. Kisha chukua "She is old" na "She walks." Watakuambia kwamba uzee ungemzuia kutembea lakini haukumzuia. Sasa "although" imepata mahali pa kukaa, na haitakaa tena pabaya kama ilivyokaa "however" yako.

Usitoe zaidi ya kiungo kimoja kwa juma. Najua mpango wa kazi unakukimbiza, lakini viungo vinane ambavyo mtoto anavimiliki vinafaa kuliko thelathini vilivyobandikwa ukutani. Mimi nilifuata mpangilio huu: because, but na so kwanza, kwa kuwa hayo hayasumbui, halafu when na after, halafu although, mwisho kabisa who na which, ambayo ndiyo magumu.

Jambo linalosahaulika sana ni kwamba kuunganisha ni kuchagua pia. Andika ubaoni hizi mbili:

"Although she is old, my grandmother walks to the market."

"Although she walks to the market, my grandmother is old."

Waulize ni ipi inayomsifu bibi. Ya kwanza inamsifu. Ya pili inaonekana kama mtu anayetoa udhuru, na habari inayobaki masikioni ni uzee. Vipande ni vile vile, ila jambo lililowekwa kwenye kishazi huru, yaani kipande kinachoweza kusimama peke yake, ndilo linalobeba uzito, na lililowekwa kwenye kishazi tegemezi, kile kisichoweza, linakuwa mzigo wa kubebwa. Watoto wa miaka kumi na miwili hulielewa hilo upesi kuliko tunavyodhani, mradi bibi awe bibi wa kweli.

Zoezi hili la kuunganisha sentensi si uzushi wangu. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani Steve Graham na Dolores Perin walitoa ripoti iliyochambua tafiti nyingi kuhusu kufundisha kuandika kwa wanafunzi wa darasa la nne hadi la kumi na mbili, wakaona kwamba kuwafundisha wanafunzi kujenga sentensi changamano kwa kuunganisha zilizo sahili kuliinua ubora wa uandishi wao, wakati kufundisha sarufi peke yake, kwa mtindo wa kutaja aina za maneno na kuchanganua sentensi, hakukuinua. Nakubali kwamba darasa la watoto themanini Nakivale si darasa la Marekani. Lakini hata bila ripoti ile, ni nani kati yetu aliyewahi kuona mtoto akiandika vizuri kwa sababu alijua kutaja aina za vishazi?

Mwalimu wa P.7, Masaka

Nawaheshimu sana wazee wetu, lakini tusisahau kwamba mwenzetu ana mtihani mbele yake. Karatasi ya Kiingereza ya PLE, katika sehemu ya kwanza, ina maswali mengi ya kuandika upya sentensi kwa kufuata maelekezo: tumia "so … that", anza na "No sooner", unganisha kwa "who". Mimi nawafanyisha watoto wangu hayo kila siku kutoka kwenye karatasi za miaka iliyopita, na wanayapata. Hizo ndizo sentensi changamano zenyewe. Kwa nini tutafute njia nyingine yenye kuchukua muda?

Mstaafu wa Bombo

Mwalimu wa Masaka, sikatai, na zoezi hilo usiliache. Ila nikuulize: mtoto wako anayepata maswali yote ya "No sooner", je, umewahi kuiona "No sooner" kwenye barua yake au kwenye insha yake? Mimi sikuiona hata mara moja. Sababu ni kwamba mtihani humwambia mtoto kiungo, humpa vipande viwili, na pengine humpa hata neno la kwanza. Uamuzi wote umekwisha kufanywa na mtunga swali. Kinachobaki kwa mtoto ni kupanga upya, kama kuhamisha viti.

Dawa ni ndogo. Akishamaliza swali la "so … that" kuhusu mvulana mdogo asiyeweza kwenda shule, mwambie aandike la pili la kwake mwenyewe, kuhusu nyumbani kwao, kwa kiungo hicho hicho. Sentensi moja tu. Dakika tatu zinatosha, na mtihani haupotezi chochote. Tena mtoto huyu akivuka kwenda S.1, mwaka wa kwanza wa sekondari, atakutana na mtaala wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020, ambao unamtaka aeleze mambo kwa maneno yake mwenyewe, na huko hatapewa neno la kwanza.

Mhariri, Kampala

Mimi si mwalimu wa darasani. Nahariri maandishi ya Kiingereza ya watu wazima ambao wengi wamekulia katika lugha zetu, na makosa ninayoyaona mezani kwangu ni yale yale ya P.6 yaliyovaa suti. Naomba nimwongezee mwalimu wa Isingiro mambo mawili.

La kwanza, tahadhari kuhusu urefu. Mwaka 1965 mtafiti Mmarekani Kellogg Hunt alichunguza maandishi ya wanafunzi wa umri mbalimbali, akaona kwamba urefu wa sentensi ni kipimo kinachodanganya, kwa kuwa watoto wadogo nao huandika sentensi ndefu sana kwa kufululiza "and". Badala yake alihesabu kishazi huru pamoja na vishazi vyote tegemezi vinavyokiegemea, na kipimo hicho ndicho kilichoonyesha vizuri zaidi namna mwanafunzi anavyokua. Watoto wetu wana sababu ya ziada ya kuangukia "and". Kiswahili kina -ka-: akaenda, akanunua, akarudi. Luganda nacho kina namna yake: n'agenda, n'agula, n'akomawo. Katika lugha hizo mfululizo huo ni mtamu na ni sahihi kabisa. Ukiuhamisha ulivyo unapata "she went and bought and came back and cooked", na mtoto anadhani ameandika sentensi pevu kwa sababu imefika mstari wa tatu. Kwa hiyo usimwambie mtoto "andika sentensi ndefu", maana atakuandikia treni.

La pili ni mitego inayotoka moja kwa moja kwenye Kiswahili, ambayo ukiijua utaokoa wino mwingi.

Sisi husema "ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikwenda", na ingawa wenye kalamu kali hulikataa hilo "lakini", limezoeleka midomoni. Kiingereza hakiruhusu viwili. Ndiyo maana unapata "Although he was sick, but he went." Mwambie mtoto kwamba Kiingereza ni mchoyo hapo: kiungo kimoja kwa jozi moja.

Sisi husema "kitabu nilichokinunua", kitabu kikitajwa mara mbili ndani ya kitenzi, kwa -cho- na kwa -ki-. Mtoto anahesabu vizuri na kuandika "the book which I bought it." Hajakosea hesabu, ila lugha zimetofautiana: "which" imekwisha kukalia kiti cha "it".

Sisi husema "mtu ambaye ng'ombe wake alikufa", na mtoto anaandika "the man who his cow died." Hapa inatakiwa "whose", neno ambalo kwetu halina pacha wa neno moja, kwa hiyo lipe juma lake peke yake.

Wa mwisho huwanasa hata wenye shahada. "Nikiwa natembea kwenda shuleni, mvua ilianza." Kwa Kiswahili sentensi hii ni safi, maana ni- imekwisha kutuambia anayetembea ni nani. Kwa Kiingereza, "Walking to school, the rain started", aliyetembea kwenda shule ni mvua. Kitenzi chao cha namna hiyo hakibebi mtendaji mgongoni kama chetu, kwa hiyo humkamata wa kwanza anayejitokeza baada ya mkato. Nilishaletewa taarifa ya mradi ambamo, baada ya kukagua visima vyote, gari lilirudi ofisini kuandika mapendekezo.

Na hapa nina neno la faraja kwa watoto wako wa Kongo. Mtoto wa Unguja anasema "kitabu nilichonunua", na kirejeshi, ile -cho-, kimejificha tumboni mwa kitenzi. Mtoto wa Bukavu anasema "kitabu yenye nilinunua". Sikiliza hiyo "yenye": imesimama peke yake, baada ya nomino na kabla ya kitenzi, mahali pale pale inaposimama "which". Walimu wengi huisahihisha hiyo "yenye" kwa hasira katika somo la Kiswahili, na somo hilo lina haki yake. Lakini katika somo la Kiingereza, kabla hujaifuta, itumie. Mwambie: pale unaposema "yenye" weka "which", na pale unaposema "mwenye alikuya" (aliyekuja) weka "who". Yule binti wa bibi tayari anayo, ameisema mwenyewe katika "ndiyo yenye inaletaka chumvi".

Mwalimu wa Isingiro

Wazee wangu na walimu wenzangu, ahsanteni. Nimerudi kuwaeleza yaliyotokea, maana nilijaribu Jumanne na Alhamisi.

Jumanne nilifanya kama Mzee wa Bombo alivyosema, kwa mdomo tu, benchi kwa benchi, na kiungo kimoja. Niliogopa kelele, na kelele zilikuwapo, lakini zilikuwa za watoto wanaobishana kuhusu sababu. Benchi moja lilishikilia kwamba soko si mbali, hivyo bibi anaamka mapema kwa sababu nyanya huharibika jua likipanda. Sikuwa nimelitegemea hilo. Niliwaachia, wakaandika "because tomatoes go bad in the sun", sentensi ambayo hakuna aliyewapa.

Alhamisi niliwarudishia daftari na kuwaomba wachukue sentensi nne kati ya zile za mwanzo, wazifanye mbili au moja. Wengi walifika kwenye "because" na kusimama hapo, nami sikuwasukuma. Mvulana mmoja aliandika "I have a brother who he is lazy", na kwa mara ya kwanza nilijua la kumwambia: kwa Kiswahili chako ungesema "ndugu mwenye ni muvivu", si "mwenye yeye ni muvivu". Alicheka, akafuta "he" mwenyewe.

Yule binti aliniletea hii: "My grandmother, who is old, wakes up early because the market is far and the boda money buys our salt." Nilikuwa tayari kuandika alama, kwani kwa macho yangu ilitosha. Lakini yeye hakuridhika. Alisimama pale mezani akaniambia kwa Kiswahili kwamba hiyo "who is old" inamtambulisha bibi tu, kana kwamba kuna bibi mwingine kijana, wakati yeye anataka kusema kwamba uzee ungemlaza kitandani na haukumlaza. Alilikumbuka neno la zile sentensi mbili za "although" nilizokuwa nimewaandikia ubaoni. Alichukua ufutio, akaandika tena polepole: "Although she is old, my grandmother wakes up early, because the market is far and the boda money buys our salt."

Nilimuuliza kwa nini ameacha neno la kutembea kwa miguu. Alinitazama kama mtu anayemhurumia mwalimu wake, akasema: "Mwalimu, kama feza ya boda inanunua chumvi, si anatembea?"

Jumatatu tunaanza "which". Mwalimu wa Masaka, ukiwa na karatasi za miaka iliyopita zenye maswali ya "who" na "whose", naomba unitumie, niwape wajibu, kisha kila mmoja aongeze lake la nyumbani.